Siku Nne Bila Mafuta

Wiki jana nesi alinikabidhi chupa ya dawa ya kuogea, ya rangi ya waridi, akanisomea masharti kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa. Nioge jioni na asubuhi, kuanzia shingoni kwenda chini. Nijikaushe kwa taulo iliyofuliwa. Nilalie shuka safi. Nikate kucha na kutoa rangi. Upasuaji wenyewe ni mdogo, wa kutoa vijiwe kwenye nyongo, na mimi ni mtu mzima mwenye mtoto wa sekondari. Nilikuwa naitikia tu huku nikiwaza nitapika nini jioni. Ndipo akasema, "Na usijipake mafuta, madam. Hata kidogo."

Nilipofika nyumbani hapa Dagoretti Corner nilifungua kifuniko nikanusa. Ni harufu ya usafi wenye ukali, na juu yake utamu wa uongo, kama peremende iliyolazwa kwenye kabati la dawa. Mguu wangu wa kushoto ukaanza kuwasha, na hakuna chochote kilichougusa. Nikampigia mama simu kumweleza siku ya upasuaji. Mama siku hizi yuko Bungoma, anafuga kuku na kugombana na majirani. Hakuuliza nitalazwa wapi wala nani atanipikia. Aliuliza, "Mkebe wa mafuta umeuficha?" Tukacheka wote wawili, kila mtu na lake.

Nyinyi wa rika langu mnajua mafuta yalikuwa nini. Hakuna mtoto aliyevuka kizingiti bila kupakwa. Mama alichota kwa vidole viwili, akasugua viganja mpaka mafuta yakalainika, kisha akakukamata uso na kuuvuta nyuma mpaka macho yakawa mistari. Halafu mikono, viwiko, magoti, na mwisho nyayo, hata kama ulikuwa unakwenda kuvaa soksi. Kama mamako hakukupaka hivyo, sijui ulilelewa wapi. Mtoto aliyepauka alikuwa aibu ya mama yake. Watu hawakuuliza amekula nini, walimtazama miguu tu wakajua kwao kukoje.

Mama yangu hakuwa mtu wa kukumbatia. Sikumbuki akinibusu, wala akiniita jina la mapenzi. Mkono wake ulinifikia mara moja kwa siku, asubuhi, ukiwa na mafuta, na ulinifikia kwa nguvu. Nilikuwa nalalamika kwamba ananiumiza, na nilikuwa wa kwanza kuinua uso kila alipoufungua mkebe.

Tuliishi Mutuini, chumba kimoja kwenye ploti ya mabati iliyopakana na shamba la landlodi. Mbele ya dirisha letu kulikuwa na kisima, nyuma yake nyasi za nepia za ng'ombe, na kuzunguka yote ua wa kayaba wenye miiba ya urefu wa kidole. Baba alikuwa fundi wa mawe, akihama na mijengo, tukimwona mwisho wa mwezi. Mama alifua nguo za watu.

Alikuwa akifulia nyumba tatu kule Muthangari, ambako mifereji ilikuwa ya kubahatisha. Jumatatu alikwenda kuzichukua nguo na kuzileta kwa magunia, akazifua pale kisimani, na Ijumaa akazirudisha zimepigwa pasi ya makaa na kukunjwa. Ili zisichanganyike, kila nyumba ilikuwa na uzi wake. Alitia vishono viwili ndani ya pindo, mahali ambapo mwenyewe hangeviona: bluu kwa mwalimu mzee aliyestaafu, njano kwa mabinti wawili wa benki, kijani kwa Mama Harpreet, mke wa Kalasinga mwenye duka la vipuri. Nguo zetu sisi hazikuwa na uzi wowote, maana zetu zilijulikana.

Kazi hiyo ilikuwa na sheria, na mama alizishika kuliko alivyozishika za kanisa. Ya kwanza, mkono wenye mafuta haugusi nguo ya watu. Mafuta ya kujipaka yakiingia kwenye kitambaa cheupe hayatoki, yanakaa pale kama kivuli. Kwa hiyo siku za kufua yeye mwenyewe alipauka mpaka jioni, na sisi tukishapakwa tulifukuzwa mbali na kamba. Ya pili, kila nguo ilitandazwa na kukaguliwa kabla ya kuingia majini. Akikuta doa alilojua halitatoka, aliirudisha nguo kwa mwenyewe bila kuifua, akalionyesha kwa kidole. "Hii doa nimeikuta," alisema. "Si yangu." Nilimsikia akimwambia hivyo mwalimu mzee, akawaambia mabinti wa benki, na Mama Harpreet mwenyewe, mwanamke ambaye kila mtu alimwogopa. Mama angekuwa radhi kukosa kazi kuliko kubeba doa la mtu mwingine.

Na alikuwa na msemo wake, aliouambia mdogo wangu Wekesa kila alipotaka kujifunika shuka za kamba: "Nguo ya mtu ni mgeni. Inakuja, inaogeshwa, inaenda kwao."

Sasa mguu. Mguu wangu wa kushoto ulipinda kwenda nje kuanzia gotini, wa kulia ukiwa umenyooka, na watoto wa ploti waliniita Bano, maana, kama mabano ya daftarini, nilikuwa na bano la kufungua na sina la kufunga. Nilicheka nao. Daktari wa hospitali kubwa ya mjini alimwambia mama kwamba mfupa ukatwe, unyooshwe, ufungwe plasta, na ufanyike mapema, kwa sababu kila mwaka goti lilizidi kulika upande mmoja. Ukingojewa sana, alisema, nitatembelea mkongojo kabla sijavunja ungo.

Mara ya kwanza tulirudishwa. Nilikuwa nimepita chini ya kayaba kufuata mpira, mwiba ukanichora chini ya goti, na siku ya upasuaji pale mahali palikuwa pametunga usaha wa ukubwa wa punje ya mahindi. Nesi aliutazama akafunga faili. "Mama, ngozi ikiwa na kidonda, uchafu inaingia kwa mfupa. Hatuwezi kata." Tulingoja miezi saba. Tulipoitwa tena, yule yule nesi alimpa mama chupa ya dawa ya waridi na karatasi ya masharti, akamwangalia juu ya miwani. "Mkikuja na kidonda tena, hata ya mbu, nafasi inapewa mwingine. Mtarudi mwisho wa laini." Mama aliikunja karatasi mara nne akaitia kwenye sidiria, mahali alipoweka vitu vya maana.

Upasuaji ulikuwa Ijumaa. Jumatatu mama alirudi kutoka Muthangari na magunia yake, akayaweka chini, akaanza na mimi.

Wekesa alikuwa amepelekwa kwa shangazi Kawangware kwa sababu ya kamasi. Mama alinifumua matuta, akaniosha nywele, akazifunga kitambaa. Kucha zangu nilikuwa nimezipaka wino mwekundu wa kalamu. Alizisugua kwa limau mpaka nikalia, kisha akazikata kwa mkasi wa kuazima, kwa sababu karatasi ilikataza wembe. Akachemsha maji, akayamimina kwenye beseni jipya, akatia ile dawa. Aliniosha polepole kuliko nilivyowahi kuoshwa, kwa kitambaa kipya, akipita kila kidole cha mguu, nyuma ya goti, ndani ya kitovu. Alinikausha kwa kunigusagusa, bila kusugua. Nikafanya nilivyozoea: nikafumba macho nikainua uso.

Hakuna kilichonigusa. Nilipofumbua macho mama alikuwa ameshika mkebe wa mafuta, anauangalia, kisha akaupandisha juu ya kabati, mahali pa masanduku.

"Leo hakuna," alisema.

"Na kesho?"

"Hakuna mpaka Ijumaa."

"Na Ijumaa utanipaka?"

"Ijumaa unaenda," alisema mama, na akatoka kwenda kumwaga maji.

Hivyo ndivyo nilivyofungiwa. Kitanda kilisogezwa mbali na ukuta ili mende wasinipitie. Dirisha lilipigiliwa wavu mpya. Sikuruhusiwa kushuka chini bila soksi, wala kutoka nje hata kwenda choo. Niliwekewa ndoo yenye kifuniko. Mama alipokuwa kisimani mlango ulirudishwa na jiwe likawekwa kwa nje. Alipokwenda dukani alitia kufuli, na ufunguo akamwachia jirani yetu Mama Shiro, mkwe wa landlodi, mwanamke mnene wa kucheka ambaye mdomo wake haukuwa na mlango. Nilikuwa na umri wa miaka minane. Nilikaa juu ya kile kitanda nikasikiliza wenzangu wakicheza kati nje ya ukuta, mpira ukigonga mabati, na kila mtu akibishana kama ameguswa au hajaguswa. Nilijua sauti ya kila mmoja. Nilijua hata nani anadanganya.

Jumanne walikuja dirishani kunitazama. Waliweka nyuso kwenye wavu, pua zimebonyea. Sijui walitarajia nini. Mama Shiro aliwafukuza kwa upawa, kisha yeye mwenyewe akachungulia.

"Haiya, Nafula! Kwani umekuwa keki ya harusi? Hauguswi!"

Nikamwambia nataka kutoka.

"Utoke uende wapi? Wewe sasa si wa mamako, wewe ni wa daktari. Ukijikuna tu ataskia huko aliko." Akacheka mpaka wavu ukatikisika, akaenda zake.

Alikuwa anatania. Mtu mzima yeyote angejua anatania. Mimi nilibaki na yale maneno, na sikuwa na mchezo wa kuyasahaulia.

Siku ya pili bila mafuta ngozi yangu ilikuwa imeanza kupauka, na ile dawa ilikausha hata pale ambapo maji tu yasingekausha. Miguu iligeuka rangi ya majivu, na magoti yakapata nyufa ndogondogo kama matope ya ukingoni mwa mto. Mnakumbuka tulivyokuwa tukiandika majina kwa ukucha kwenye ngozi iliyopauka? Nilitaka kuandika langu, lakini kucha hazikuwepo. Iliwasha, na mama alikuwa amenikanya nisijikune. Nilikalia mikono. Huwa nasikia watu wakisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia kila kitu, na guu langu lilikuwa linapelekwa kuvunjwa.

Kwenye dirisha nilimwona mama. Alitandaza nguo za watu moja moja, akazikagua, akazilowesha, akazisugua, akazisuuza mara tatu, akazianika. Jioni aliingia ndani, akanivua, akanikagua. Alianzia shingoni. Aliinua mguu wa kushoto akaugeuza kwenye mwanga wa balbu, akapitisha macho pole pole kutoka paja hadi kisigino, uso wake ule ule aliokuwa nao kisimani. Kisha akaniosha, akanisuuza, akanikausha. Nakumbuka nikimtazama utosi wake alipokuwa amechutama, nikiwaza mahali nilipoiona kazi hiyo.

Jumatano ilikuwa siku ya vilemba. Mume wa Mama Harpreet na wanawe walivaa vilemba vya kitambaa kirefu sana, mita tano hivi, na kukunja kimoja kulihitaji watu wawili. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Mimi nilishika pembe mbili, mama pembe mbili, tukavuta mpaka kitambaa kikalia, tukakutana katikati, tukarudi nyuma, tukakutana tena. Siku hizo sikupakwa mafuta mikononi mpaka tulipomaliza, na niliona fahari. Jumatano hiyo mikono yangu ilikuwa haina mafuta kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nilisimama dirishani nimevaa soksi, mikono nimeikunjua tayari. Mama alimwita Shiro, binti wa jirani, akanawishwa, akashika pembe zangu. Hakuwa anajua kuvuta. Mama alimfundisha kwa upole ambao mimi sikuupata nilipofundishwa.

Nililia, lakini kimya kimya, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa mafua pia yanaahirisha upasuaji, na sikujua kama kamasi za kilio zinahesabiwa.

Alhamisi ilikuwa siku ya pasi. Nguo zilirundikwa mezani kwa mafungu matatu, na chumba kikajaa harufu ya makaa na kitambaa cha moto. Nilikuwa juu ya kitanda, wao juu ya meza, sote tumeogeshwa, hakuna aliyepakwa mafuta, sote tunangoja Ijumaa. Jioni, baada ya kuniosha, mama alitoa shuka nyeupe niliyokuwa sijaiona kwetu, nzito, laini, akaipiga pasi pande zote mbili, akaitandika kitandani mwangu ingali na joto. "Lala hapo. Usishuke tena," alisema.

Nililala chali. Vidole vyangu vilitembea kwenye pindo la shuka, kama vidole vya mtoto vinavyotembea, na vikakuta vishono viwili. Nikainua pindo nikatazama. Uzi ulikuwa wa kijani.

Nataka mnielewe. Sikuwa mtoto mjinga. Nilikuwa na siku nne za kufikiri na hakuna kitu kingine cha kufanya. Nilikuwa nimekuja kuamini kwamba mimi si wa pale. Nilikuwa nimeachwa kwa mama kama gunia la Jumatatu, nikiwa na kasoro, na sasa nilikuwa nasafishwa nipelekwe kunyooshwa na kurudishwa kwa wenyewe. Ndiyo maana hakunipaka mafuta, kwa kuwa nguo ya mtu haipakwi. Ndiyo maana alinikagua kama anayetafuta doa. Na ndiyo maana hakunikumbatia miaka yote ile, alikuwa tu analinda mikono. Kilichokuwa kimebaki kujua ni nyumba gani, na sasa nilijua. Niliwahi kumwona Mama Harpreet mara moja. Alikuwa na bangili nyingi na hakutabasamu.

Sikulala vizuri. Mama aliniamsha jogoo wa kwanza, akaniosha mara ya mwisho, akanivika gauni safi la pamba, akanikalisha kwenye ile shuka. Tulitakiwa hospitalini saa moja asubuhi, na mimi tumbo tupu. Akachukua beseni akatoka kumwaga maji na kumwachia Mama Shiro maneno kuhusu nguo za kurudishwa. Nikasikia sauti zao kisimani.

Nikavua soksi. Nikapanda kiti, kutoka kiti nikapanda meza, kutoka meza nikaufikia mkebe juu ya kabati. Nilichota kwa vidole vinne. Nilipaka uso, shingo, mikono. Nilipaka mguu wa kushoto kuliko kitu kingine chochote, kutoka paja hadi nyayo, katikati ya vidole, nyuma ya goti, mara mbili, mara tatu. Ngozi iliyanywa yale mafuta kama ardhi ya kiangazi. Nilijua kwamba kitu chenye mafuta hakirudishwi kwa mwenyewe. Kikishaingia mafuta, ni chako, utakaa nacho.

Mama alifungua mlango akasimama. Nilikuwa nang'aa chini ya balbu, mkebe mapajani, shuka nyeupe ina alama za mikono yangu kila mahali.

"Nafula," alisema. "Umefanya nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Sauti yake haikuwa ya kofi, ilikuwa ya mtu aliyechoka, na hiyo ilinitisha zaidi.

"Sitaki kurudishwa kwa Mama Harpreet," nikasema.

"Nani anakurudisha kwa Mama Harpreet?"

Nikamwonyesha pindo la shuka. Alilishika, akalisogeza karibu na macho. Kisha akaingiza pindo mdomoni, akaukata uzi wa kijani kwa meno, akautema sakafuni. Sikuwahi kumwona akitema mate ndani ya nyumba.

"Hii shuka alinipa," alisema. "Alisikia unafanyiwa oparesheni. Akasema mtoto alalie kitu safi. Mimi ndiye nilisahau kutoa uzi." Akaliinua beseni. "Simama. Tumechelewa."

Aliniosha upya. Alitumia dawa yote iliyobaki, beseni tatu za maji, ya mwisho ikiwa baridi kwa sababu jiko lilikuwa limezimika. Mikono yake ilikuwa na haraka na bado haikunikwaruza hata mara moja. Mimi nilimsikia aliyosema, lakini sikuamini. Mtu mzima mwenye haraka atakwambia chochote.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi pamoja na akina mama wengine na watoto wao, wote wameogeshwa, wote wamepauka. Yule nesi wa miwani alituita. Alinikalisha kwenye meza ya chuma, akaukagua mguu pande zote. Mama alisimama kando amefumbata mikono. Niliona midomo yake ikisogea. Alikuwa anahesabu au anaomba.

"Hakuna kidonda," nesi alisema. "Vizuri, mama."

Mama akashusha pumzi. Nesi akachukua kipande cha pamba nyeupe, akakipitisha nyuma ya goti, kisha akabandika plasta ndogo ya kunata pale, kujaribu tu. Ikateleza ikaanguka. Akaibandika tena, ikaanguka tena. Akasugua vidole vyake viwili, akavinusa.

"Huyu mtoto amepakwa mafuta."

Benchi lote likageuka.

"Mama, si nilikupea karatasi? Si uliniambia unajua kusoma? Hapa ndipo anakatwa. Dawa haitashika, bandeji haitashika. Mnangoja miezi yote hiyo, halafu siku yenyewe mnaleta mtoto na mafuta. Ni usafi tu nilikuomba. Usafi tu!"

Alikuwa amechoka, yule nesi, sasa najua. Alikuwa na benchi zima mbele yake na asubuhi ndiyo kwanza inaanza. Lakini alikuwa anamwambia mama yangu habari za usafi, mbele ya watu, mama yangu ambaye shuka zake ungeweza kulia chakula. Nilimtazama mama nikangoja sentensi yake. Nilijua itakuja. Alikuwa amemwambia kila mtu mwenye pesa kule Muthangari, hangeshindwa kumwambia nesi. Angeninyooshea kidole. Hii doa nimeikuta. Si yangu.

"Ni mimi, sista," mama alisema. "Nilimpaka. Nimezoea kumpaka kila asubuhi, mikono ikajisahau. Ni makosa yangu."

"Makosa yako, na mguu ni ya nani?"

"Ni yangu pia," mama alisema. "Tafadhali usimrudishe. Nipe maji nimuoshe tena, hata kama ni mara kumi."

Nesi alilivuta faili karibu. Nilidhani faili litafungwa. Kisha akaguna, akaandika kitu. "Ataoshewa huku ndani. Lakini anakuwa wa mwisho. Mkae hapo, na asile."

Tulikaa pale benchini mpaka watoto wengine wote wakaisha. Nilikuwa na njaa ya kutapika. Akina mama walimtazama mama yangu pembeni, mmoja akamvuta mtoto wake asinikaribie, kana kwamba uchafu wetu unaambukiza. Mama alikaa wima na mkoba wake magotini, hakumtazama mtu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Na chini ya aibu nilikuwa na furaha, furaha mbaya, ambayo sijawahi kumkiri mtu hadi leo. Mama alikuwa amelibeba doa. Halikuwa lake, alijua si lake, na alilibeba mbele ya watu wote. Nilimsogelea kidogo kidogo mpaka paja langu likagusa gauni lake, nikaacha hapo.

Alasiri ndipo wakanichukua. Nakumbuka taa kubwa ya mviringo, na mtu akiniambia nihesabu.

Nilipoamka mguu haukuwa wangu. Ulikuwa gogo jeupe kutoka nyongani hadi chini, mzito, unanuka chokaa mbichi, na mwishoni vilichungulia vidole vitano, vimekauka, rangi ya majivu. Mama alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda. Sijui alikuwa amekaa hapo muda gani. Nesi mwingine, msichana mdogo, alikuwa anapima joto la jirani yangu.

"Sista," mama alimwita. "Hizi vidole naweza kupaka?"

Yule nesi alicheka. "Vidole pekee. Mafuta isiguse plasta."

Mama akaingiza mkono kifuani, pale alipoweka vitu vya maana, akatoa kipande cha nailoni kilichofungwa fundo. Alikuwa amebeba mafuta kutoka nyumbani, kiasi cha ncha ya kidole, siku nzima, kwenye lile benchi, huku akitukanwa kwa sababu ya mafuta. Akayalainisha viganjani. Akaanza na kidole kikubwa, akapita katikati, akaja kwa kinachofuata, kwa nguvu zile zile za kila asubuhi, mpaka vyote vitano vikang'aa.

"Hizi tano ni zangu," alisema bila kunitazama. "Hiyo ingine wamalize nayo, wanirudishie."

Kisha akafunga nailoni yake, akairudisha kifuani, akaniuliza kama nina njaa.